Vijiti vya mabua na 41 kutoa 17: kisa cha Darasa la Pili mkoani Dodoma

Kisa hiki kinatoka katika shule moja ya msingi ya serikali iliyoko vijijini mkoani Dodoma. Majina ya shule, kata na wilaya nimeyaondoa, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mwalimu au mtoto nimeyabadilisha. Mwalimu mwenyewe amekisoma na kuridhia kisomwe na wenzake. Mimi nilikuwa mwezeshaji wa mafunzo ya walimu kazini. Nilikuwa nikiingia darasani kwake, nakaa nyuma, na baada ya kipindi tunazungumza.

Walimu wengi wa madarasa ya chini wameambiwa watoto wajifunze kwa vitendo. Wengi wamejaribu, wakaambulia kelele na kipindi kilichopotea, kisha wakarudi ubaoni. Siwalaumu. Yaliyotokea katika darasa hili yanaonyesha mahali ambapo kazi ya mikono inageuka kuwa hesabu, na mahali ambapo inabaki kazi ya mikono tu.

## Mazingira

Darasa la Pili lilikuwa na mkondo mmoja, watoto 90 na ushee katika chumba kimoja. Kigezo cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, shule nyingi za vijijini zimepokea watoto ambao zamani wangebaki nyumbani, na hilo ni jambo jema, lakini vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Hapa madawati yalitosha nusu ya darasa, na waliobaki walikaa sakafuni, mbele.

Lugha ya nyumbani kwa karibu watoto wote ni Kigogo. Mwalimu alitoka mkoa mwingine na Kigogo alikijua cha salamu tu. Kipindi cha Kuhesabu kilikuwa cha dakika 30.

Watoto hawa hawakuwa wazito. Wengi waliweza kuhesabu kwa sauti kutoka moja hadi mia bila kukosea, na kuziandika. Shida ilionekana kwenye daftari. Kwa 28 + 15 wengi waliandika 313: nane na tano ni kumi na tatu, mbili na moja ni tatu, wakaweka vyote kando kwa kando. Kwa 41 – 17 jibu lililotawala lilikuwa 36. Wamechukua 7, wakatoa 1, wakapata 6; wamechukua 4, wakatoa 1, wakapata 3. Hesabu hiyo ina utaratibu wake. Mtoto anaona tarakimu mbili zinazokaa jirani, na haoni kwamba ile ya kushoto ni makumi.

Kwa miezi kadhaa mwalimu alisahihisha kosa hilo hilo kwa kalamu nyekundu, na lilirudi lile lile. Hapo ndipo alipoamua kuanza upya kwa vihesabio, yaani vitu vidogo vya kuhesabia, akijiwekea mpaka wa namba zisizozidi 99.

## Mambo yalivyokwenda

Februari: vihesabio vinavyolika. Hatua ya kwanza ilikuwa ile ambayo karibu kila mwalimu angeichukua. Aliwaagiza watoto waje na vihesabio 50 kila mmoja, chochote kinachopatikana nyumbani. Walikuja na punje za mahindi, mtama, karanga na choroko, na wachache na kokoto. Robo saa haijapita, karanga zimekwisha. Sauti za mashtaka zikaanza: "Mwalimu, huyu kala!" Kufikia mwisho wa kipindi hata mahindi makavu yalikuwa yanatafunwa.

Kwa asiyeijua Dodoma, mvua hapa ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Mavuno mapya huja kuanzia Mei. Januari hadi Machi ndiyo miezi ambayo ghala za nyumbani ziko chini kabisa. Uji wa shule nao ulikuwa umesimama muhula ule kwa sababu michango ya nafaka ilikuwa haijafika. Mtoto aliyetoka nyumbani bila kula, ukamwekea karanga 50 mbele yake na kumwambia azihesabu tu, umemtwisha mtihani usio wa hesabu.

Mwalimu hakumwadhibu mtu. Alisimamisha agizo siku ile ile, na akaweka sharti ambalo hakulivunja tena mwaka mzima: kitu kinacholika hakiwi kihesabio. Alieleza sababu mbili. Ya kwanza ni njaa. Ya pili, aliyoigundua baadaye, ni kwamba kuna nyumba ambazo punje 50 za karanga ni nyingi, na mtoto wa nyumba hiyo angeona aibu kuja mikono mitupu.

Machi: vizibo vya soda. Muuza duka wa kijijini alimpa vizibo kwa ahadi ya kuendelea kumwekea. Vizibo havioti, haviozi, havilwi. Lakini kuvigawa kwa watoto 90 na kuvikusanya kulikula karibu nusu ya kipindi, na vikimwagwa juu ya dawati au sakafu ya saruji husikika hadi ofisini. Mwalimu mkuu alikuja mlangoni mara mbili kuuliza kulikoni.

Kasoro kubwa zaidi haikuwa kelele. Watoto walivitumia vizibo kuhesabu kimoja kimoja. Kwa 28 + 15 walihesabu 28, wakahesabu 15, wakachanganya, wakahesabu upya hadi 43. Jibu lilikuwa sahihi, lakini hakuna aliyegusa makumi. Wiki iliyofuata, bila vizibo, 313 ilirudi daftarini. Kizibo ni kizuri kwa mtoto anayejifunza kuhesabu hadi kumi au ishirini. Kwa makumi na mamoja hakisaidii sana, kwa sababu vizibo kumi havishikamani vikawa kitu kimoja. Vinabaki vizibo kumi.

Mei: mabua. Baada ya mavuno ya uwele na mtama, mabua yalijaa mashambani. Wanafunzi wa Darasa la Saba waliyakata vipande vya urefu wa kidole. Fundi baiskeli alitoa tyubu zilizokwisha, zikakatwa pete nyembamba za mpira za kufungia. Mwalimu alipanga vikundi kumi vya watoto tisa tisa, wengine kumi. Kila kikundi kilipata vijiti 100 na pete kumi, jumla vijiti 1,000. Vikawekwa katika ndoo tupu za rangi, ndoo moja kwa kila kikundi, na mtoto mmoja wa kikundi akawa ndiye mwenye kuileta na kuirudisha. Kugawa kukashuka kutoka nusu ya kipindi hadi dakika chache. Hilo peke yake lilibadilisha hali ya darasa.

Kwa nia njema kabisa, mwalimu alikaa jioni akafunga mafungu yote mwenyewe, kumi kumi, safi, ili watoto wasipoteze muda. Nilikuwepo kipindi kilichofuata. Aliwaambia waonyeshe 34. Kikundi cha dirishani kilitoa mafungu matatu na vijiti vinne, vizuri kabisa. Akawauliza, "Vingapi jumla?" Mtoto mmoja akavigusa kwa kidole kimoja kimoja, mafungu na vijiti, akajibu: "Saba." Wenzake wakakubali. Kwao fungu lilikuwa kijiti kinene.

Juni: mchwa. Likizo ya katikati ya mwaka ndoo ziliachwa bila mifuniko, sakafuni, kwenye kona ya stoo. Shule ilipofunguliwa Julai, karibu mabua yote yalikuwa yameliwa na mchwa. Yalikatwa mapya, na ndoo zikapandishwa juu ya meza, zikiwa zimefunikwa.

Safari hii mwalimu hakuwa na jioni ya kufunga mafungu 100. Aliwakabidhi watoto vijiti vilivyo huru na pete, akawaambia wafunge wenyewe, na kabla ya kuvuta pete mwenzako ahesabu tena kuhakikisha ni kumi. Kazi hiyo ilichukua vipindi viwili vizima. Mwalimu wa taaluma aliuliza kama mada haitachelewa. Ilichelewa kweli. Lakini baada ya hapo, ukimwuliza mtoto yeyote fungu lina vingapi, anajibu kabla hujamaliza swali. Na ukimwuliza amejuaje, anasema, "Nimefunga mimi."

Kuvunja fungu. Kipindi ninachokikumbuka zaidi ni kile cha 41 – 17. Kila kikundi kilitoa mafungu manne na kijiti kimoja. Kazi ilikuwa kumpa mwalimu vijiti 17. Fungu moja walitoa bila shida. Kisha ilibidi watoe saba, na kijiti huru kilikuwa kimoja tu.

Mwalimu alinyamaza. Nadhani huu ndio uamuzi wake bora wa mwaka mzima, kwa sababu kunyamaza mbele ya watoto 90 wanaobishana si rahisi. Kikundi kimoja kilitaka kuazima vijiti kwa jirani, wakakataliwa. Kingine kilitoa fungu zima, kisha kikadai kirudishiwe vitatu, nayo ni njia sahihi, ila wachache waliielewa. Mabishano yakahamia kwenye Kigogo. Halafu msichana mmoja, ambaye kwa kawaida hanyooshi mkono, alichukua fungu akavuta pete, vijiti vikamwagika juu ya dawati. Akahesabu saba. Wenzake wa karibu wakaona, na ndani ya muda mfupi pete zilikuwa zinafunguliwa chumba kizima. Mafungu mawili, vijiti vinne. Ishirini na nne.

Mwalimu aliwaacha waendelee kubishana kwa Kigogo, kisha akamtaka kila kiongozi wa kikundi aeleze kwa Kiswahili walichofanya. Baadhi yetu tungewakatiza. Yeye aliona kwamba mtoto anayetafuta wazo na maneno kwa wakati mmoja huacha wazo kwanza.

Agosti: pengo. Siku chache baadaye alitoa zoezi la daftari, vijiti vikiwa ndani ya ndoo. Kwa 52 – 28 jibu sahihi ni 24. Watoto wengi waliandika 36.

Walikuwa wamefanya hesabu kama hiyo kwa vijiti, kwa usahihi, juzi yake. Mwalimu alivunjika moyo, na nilielewa kwa nini. Tulikaa na rundo la madaftari, tukaona kwamba katika vipindi vyote vya vijiti hakuna mtu aliyekuwa anaandika. Vijiti vilikuwa na kanuni zake, daftari lilikuwa na zake, na kwa mtoto hayo yalikuwa masomo mawili.

Alibadilisha mpangilio wa kikundi. Watoto watatu wanashika vijiti, watatu wanaandika, watatu wanakagua kama kilichoandikwa ni kile kilicho mezani, kisha wanabadilishana. Sharti likawa kwamba kijiti hakisogei bila kuandikwa. Ukivunja fungu, mwandishi anakata ile 5 na kuandika 4, kisha anaandika 12 mahali pa 2, hapo hapo, kabla mkono mwingine haujachukua kitu. Pia waliisoma namba kwa njia mbili: "makumi matano na mamoja mawili", kisha "hamsini na mbili".

Baada ya hapo aliongeza hatua ya michoro. Mstari mrefu ni fungu, nukta ni kijiti kimoja. Mtoto anachora mistari mitano na nukta mbili, anakata mstari mmoja, anachora nukta kumi badala yake. Hapa vijiti vilibaki ndooni, na aliyekwama tu ndiye aliyeruhusiwa kwenda kuvichukua.

## Wazazi na madaftari

Kufikia Agosti malalamiko yalikuwa yamefika kwa kamati ya shule. Madaftari ya Kuhesabu yalikuwa na kurasa chache, na mzazi anayemtuma mtoto shule hupima kazi ya mwalimu kwa vema zilizomo daftarini. "Mwalimu, mtoto wangu kila siku anasema walicheza vijiti," alisema baba mmoja mkutanoni, kwa heshima lakini bila kuficha.

Mwalimu aliwaita watoto wawili mbele, wakafanya 41 – 17 mezani na ubaoni kwa pamoja. Kisha mama mmoja anayeuza nyanya akaeleza kwa maneno yake: mteja akitaka nyanya mbili na wewe umebaki na mafungu tu, unavunja fungu. Ufafanuzi huo uliwafikia wazazi kuliko wowote ambao sisi tungetoa. Tahadhari moja tu: fungu la nyanya halina idadi maalumu, leo tano, kesho nne kutegemea bei. Mwalimu alilisema hilo darasani waziwazi, kwamba fungu letu la hesabu ni kumi daima.

Tangu mkutano ule alianza kuhakikisha kila kipindi cha vijiti kinaacha angalau maswali matatu yaliyoandikwa na kusahihishwa. Alifanya hivyo kwa ajili ya wazazi na wathibiti ubora wanaokagua shule, lakini likawa na faida kwa watoto vile vile.

## Matokeo

Kufikia Oktoba, jibu la aina ya 313 lilikuwa limetoweka karibu lote. Kosa la 36 lilibaki kwa watoto wachache, na wengi wao walikuwa wale waliokosa vipindi vingi, wakiwemo wavulana wanaochunga mbuzi.

Kosa moja halikuondoka: kutoa kutoka kwenye sifuri. Kwa 40 – 17, watoto wengi, hata hodari, waliandika 37. Mezani hawakukosea, kwa kuwa mezani hakuna kijiti huru hata kimoja na mtoto analazimika kuvunja fungu. Daftarini ile 0 ilikuwa inaonekana kama kitu, wakaigeuza, wakasema saba toa sifuri. Mwaka uliisha bila jambo hilo kukamilika.

Jambo jingine, ambalo hakuna zoezi lililolipima: watoto walianza kubishana kuhusu majibu. Hapo awali jibu lilikuwa la mwalimu. Sasa mtoto aliweza kusema, "Hapana, hesabu tena," na kuvuta pete.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni kufunga na kufungua. Fungu ambalo mtoto amelifunga mwenyewe analijua lina kumi, na kwa kuwa analijua, anathubutu kulivunja. Fungu lililoletwa limefungwa ni kifaa cha mwalimu. Kwa hiyo uteuzi wa kihesabio si suala la kilichopo tu. Kwa makumi na mamoja inafaa kitu kinachofungika na kufunguka kwa mkono wa mtoto wa miaka saba au minane. Mabua, vijiti vya miti, mirija ya soda, vyote vinafaa. Vizibo, kokoto na mbegu za ubuyu ni vya kazi nyingine. Pete za tyubu ni bora kuliko uzi, maana fundo la uzi huwashinda watoto, na fungu lisilofunguka linaua somo zima.

La pili ni mpangilio wa vifaa. Ndoo moja kwa kikundi na mtoto mmoja wa kuileta vilikomboa muda zaidi ya mbinu yoyote ya ufundishaji. Katika darasa kubwa, mwalimu asiyekuwa na jibu la swali "vitagawiwa vipi na vitarudi vipi?" asianze. Hilo liandikwe ndani ya andalio la somo kama sehemu ya somo.

Kilichoshindwa kwa muda mrefu ni kiungo kati ya mkono na daftari. Mwanasaikolojia wa Marekani Jerome Bruner, katika miaka ya 1960, alieleza kwamba wazo hushikwa kwa kutenda, kwa picha na kwa alama. Walimu wetu wengi hupita kutoka kutenda moja kwa moja hadi alama, na picha huonekana ni mapambo. Katika darasa hili, mistari na nukta ndiyo iliyowavusha wengi. Laiti hatua hiyo ingeanza Julai badala ya mwisho wa Agosti, nadhani hata 40 – 17 ingepata nafasi yake. Mtoto angechora mistari minne bila nukta yoyote, na ile sifuri ingeonekana kama mahali patupu panapongoja.

Kuna swali ambalo mimi na mwalimu hatukukubaliana: vijiti viondolewe lini? Yeye aliona waruhusiwe hadi mtoto mwenyewe aviache. Mimi naona wapo watoto wanaovishikilia hata kwa 6 + 3, na hao wanahitaji kusukumwa kwa upole, kwa mfano kuulizwa jibu kwanza, kisha kuruhusiwa kuhakiki kwa vijiti. Alijaribu njia hiyo kwa kikundi kimoja mwishoni mwa mwaka. Watatu kati yao waliacha kuzifuata ndoo. Wengine walikasirika, na mmoja alilia.

Kuhusu watoto waliokosa vipindi, hakukuwa na mpango wowote, na hili ni pengo la shule nzima, haliwezi kuwekwa mabegani mwa mwalimu mmoja. Somo la kuandika linaweza kunakiliwa kutoka kwa rafiki. Kipindi cha vijiti hakinakiliki. Kikundi kimoja kilitatua chenyewe: mchungaji akirudi, wenzake walimfungisha mafungu yake kumi kabla ya kugusa swali lolote. Mwalimu alipoliona hilo alilifanya sharti kwa vikundi vyote, lakini ilikuwa Septemba.

Januari watoto hawa walipanda Darasa la Tatu, kwa mwalimu mwingine. Ndoo zilibaki Darasa la Pili kwa ajili ya wanaokuja. Mwalimu alimwandikia mwenzake ukurasa mmoja: ni nani bado anaandika 37 kwa 40 – 17, mstari na nukta vinamaanisha nini watoto wakivichora pembeni mwa daftari, na kwamba wasizuiwe kuvichora.